Kabla Hujakodi Meza Mjini: Jumamosi Yetu Kwenye Soko la Vyakula vya Wajasiriamali

Kila baada ya mavuno huwa naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, mbona mjini karanga zetu zinauzwa bei kubwa namna ile, na sisi huku tunazitoa kwa bei ya kutupa? Kwa nini tusipeleke wenyewe?"

Ni swali la haki. Jibu la haraka ni "pelekeni", na wapo wanaolitoa kwenye semina, kisha wanapanda gari na kuondoka. Jibu la kweli lina hesabu ndani yake. Mwaka huu nilikwenda kulitafuta sokoni kwenyewe, Dar es Salaam, nikiwa na rafiki zangu watatu. Nawaletea tulichokiona pamoja na namba zake, ili nawe upige hesabu zako.

Majina yao nayaacha kwa heshima yao, nitawaita kwa kazi zao. Mama Karanga analima karanga na kusaga siagi ya karanga. Bwana Nyuki ana mizinga porini, baadhi ya kienyeji na baadhi ya kisasa. Dada Maembe anakausha maembe wakati wa msimu, na miezi mingine ana genge. Wote ni wa Kilosa, mkoani Morogoro. Tumejuana zaidi ya miaka kumi, na kwenye shughuli za kijijini huwa tunakaa mkeka mmoja.

Sababu ya safari ilikuwa Mama Karanga. Mpwa wake anayeishi mjini alimwambia kuna soko la Jumamosi upande wa Msasani, wanauza vyakula vilivyotengenezwa kwa mikono, na siagi ya karanga kule chupa ya gramu 400 inauzwa Sh9,000. Huku kwetu yeye huiuza Sh5,000, na mara nyingine kwa mkopo. Kodi ya meza ni Sh60,000 kwa siku, na anayetaka nafasi ya kudumu analipia Jumamosi 12 kwa mkupuo. Hiyo ni Sh720,000. Mama alikuwa ameshaomba mkopo wa Sh1,000,000 kwenye kikundi chao cha VICOBA, na kikao cha kuupitisha kilikuwa Jumatano.

Nikamwambia, "Mama, kabla ya hiyo Jumatano kuna Jumamosi. Twende tukaone kwanza."

Bwana Nyuki akasema na yeye anakuja, kwa sababu asali yake "haina mpinzani". Dada Maembe akasema hawezi kubaki kijijini kusimuliwa. Niliwaomba kila mmoja abebe sampuli moja tu. Tulikuwa tunakwenda kujifunza, hatukwenda kuuza.

Ijumaa tukapanda basi hadi Morogoro, kisha treni ya SGR, daraja la kawaida, Sh13,000 kila mtu. Tukalala kwa ndugu, na asubuhi saa tatu tukawa sokoni.

Tulichokikuta

Ni uwanja wenye miti, na chini yake mahema na meza zilizofunikwa vitambaa. Kulikuwa na kahawa ya Kagera na ya Kilimanjaro inakaangwa palepale, mikate, jibini, achari ya embe, pilipili za kusaga, unga wa ubuyu, unga wa muhogo, mafuta ya nazi na chokoleti. Bei zimeandikwa kwa chaki kwenye vibao. Bwana Nyuki alisoma kibao cha kwanza cha asali, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyekanyaga siafu: chupa ya nusu kilo, Sh14,000.

Lakini kilichonishangaza mimi hakikuwa bei. Yalikuwa maswali ya wateja.

Kwenye meza ya chokoleti, karatasi ya kufungia iliandikwa kwamba kakao imetoka Kilombero. Hapa nchini kakao nyingi hutoka Kyela, mkoani Mbeya, ila Kilombero katika mkoa wetu nako inalimwa. Mama mmoja mwenye kikapu aliishika ile chokoleti akauliza: mbegu zilichachushwa siku ngapi? Zilianikwa wapi? Muuzaji akajibu bila kusita. Kwa wasiojua, mbegu za kakao zikitolewa kwenye tunda huchachushwa kwanza zikiwa na utelezi wake kwa siku kadhaa, ndipo zianikwe. Ladha ya chokoleti huanzia hapo, mikononi mwa mkulima, kabla ya kiwanda chochote.

Mama Karanga akaninong'oneza, "Bwana shamba, huyu mteja anauliza kama mkaguzi."

Nikamwambia asikilize. Tulizunguka kama saa mbili bila kununua kitu zaidi ya kahawa, tukiandika maswali ya wateja kwenye daftari. Yale yaliyojirudia ni haya: Kimetoka wapi? Kimetengenezwa lini? Kina sukari? Mmeongeza nini? Kimepimwa? Mbona cha leo hakifanani na cha wiki iliyopita?

Hilo la mwisho liwekee alama. Mteja wa soko lile hanunui mara moja. Anarudi, na akirudi anataka kitu kile kile.

Bwana Nyuki na kile kipimo

Meza ya kona ilikuwa na vitu vyetu vyote vitatu: asali, siagi ya karanga na matunda makavu. Muuzaji ni binti wa miaka kama thelathini hivi. Ananunua kwa wakulima wa mikoa mbalimbali, anafungasha na kuuza. Tulimfuata saa nane mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua.

"Shikamoo mama, shikamooni," akasema.

"Marahaba mwanangu. Sisi ni wakulima, tumekuja kuuliza."

Akacheka, akavuta viti viwili. Akatuambia baba yake analima alizeti Singida, na yeye mwenyewe alianza na ndoo moja ya mafuta.

Bwana Nyuki hakusubiri. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kiganja. Ndoo ya lita 20 ya asali ina uzito wa kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Kilo 28 ni chupa 56 za nusu kilo. Mara Sh14,000 ni Sh784,000. Yeye ndoo hiyo hiyo huiuza Sh180,000.

"Binti," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "hii siyo biashara. Huu ni unyonyaji."

Binti hakukasirika. Alifungua daftari lake, akamwonyesha. Chupa tupu na kifuniko, Sh1,300. Lebo. Kuchuja. Kodi ya meza. Chupa zinazobaki jioni. Kisha akageuza ukurasa na kumwonyesha mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu: ndoo moja aliyoinunua miezi mitatu iliyopita ilichacha. Ilianza kutoa povu ikiwa ndani ya chupa, vifuniko vikafura, wateja wakarudisha. "Nilirudisha hela zote, baba. Na wawili hawajarudi tena mpaka leo."

Halafu akauliza, "Umekuja na ya kwako?"

Bwana Nyuki akatoa chupa yake kwa fahari. Binti akatoa kifaa kidogo kama darubini, kinaitwa rifraktomita. Unadondosha tone la asali juu ya kioo, unachungulia kwenye mwanga, unasoma asilimia ya maji. Akadondosha, akachungulia, akampa Bwana Nyuki achungulie mwenyewe.

Asilimia 22.

Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida hakivuki asilimia 20 ya maji, na wafungashaji wengi wanapenda iwe chini zaidi ili walale usingizi. Asali yenye maji mengi huchacha, hata kama ni safi, hata kama haikuongezwa tone la kitu. Binti akaionja, akasema ladha yake ni nzuri sana. Kisha akasema hawezi kuinunua.

Bwana Nyuki alinyamaza. Mimi nilijua kwa nini maji yalikuwa mengi, na yeye alijua. Nyuki wakileta maji ya maua kwenye sega, huyapunguza kwa kupepea mbawa, na asali ikishaiva huziba vijumba kwa nta. Sega ambalo halijazibwa bado halijaiva. Ninafundisha kwamba vuna sega lililozibwa angalau robo tatu. Lakini mwezi ule ada ya kijana wake aliyeko chuo cha ufundi ilikuwa inadaiwa, na mnunuzi wa ndoo alikuwa amesimama barabarani na pesa mkononi. Mnunuzi wa ndoo hapimi maji. Kwa hiyo zilivunwa zote, zilizozibwa na zisizozibwa, zikamiminwa ndoo moja.

Ndugu msomaji, hapa pana somo ambalo semina nyingi hulikwepa. Ubora si ujuzi tu. Bwana Nyuki ana ujuzi kuliko mimi. Ubora unataka mtu awe na uwezo wa kusubiri wiki mbili au tatu, na anayedaiwa hana wiki hizo.

Mama Karanga na swali la sumukuvu

Tukiwa bado pale, akaja mama kijana amembeba mtoto mgongoni. Alichukua siagi ya karanga mezani, akauliza, "Hii imepimwa sumukuvu?" Binti akamwonyesha cheti cha vipimo kilichobandikwa nyuma ya meza. Yule mama akalipa akaondoka.

Mama Karanga akaishika chupa yake aliyokuwa ameitoa kwenye mkoba, kisha akairudisha ndani polepole.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu kwenye karanga, mahindi na mazao mengine. Huioni, huinusi, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na mahindi yenye sumukuvu, na watu walipoteza maisha. Kiwango kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu kwa kila sehemu bilioni moja za chakula. Ni kidogo mno, na kazi kubwa ya kukilinda inafanyika shambani na uani kwako, kabla ya maabara.

Kwa karanga, mambo ni haya:

1. Ng'oa zikikomaa, usiziache ardhini zikapasuka maganda.
2. Anika juu ya turubai au chanja, kamwe siyo juu ya udongo mtupu. Zikauke haraka hadi zikitikiswa ganda linalia. Unyevu wa karanga zilizobanguliwa ushuke hadi asilimia 7 hivi.
3. Usizinyunyizie maji ili zibanguke kirahisi. Najua vidole vinauma. Lakini maji yale ndiyo yanayofungulia kuvu mlango. Tafuta mashine ya mkono ya kubangulia, hata ya kikundi.
4. Chambua. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu zitoe kabisa.
5. Zile ulizozitoa zisirudi kwa mlango wa nyuma. Usizisage.

Hilo la tano Mama Karanga ndiye aliyelisema, si mimi. "Kuna muuza duka hutuletea chenga za karanga kwa nusu bei," akasema. "Anasema zikisagwa hakuna atakayejua. Mimi sijawahi kuzinunua. Ila nikisema nimezikataa, nani ataniamini bila karatasi?"

Hiyo karatasi ndiyo tofauti kubwa kati ya Sh5,000 na Sh9,000.

Dada Maembe alipata nini

Dada Maembe alikuwa kimya muda wote. Alinunua pakiti moja ya maembe makavu ya pale, gramu 100 kwa Sh5,000, akaifungua na kulinganisha na yake kipande kwa kipande juu ya goti.

Ya pale yalikuwa ya manjano, unene mmoja. Yake yalikuwa na rangi ya kahawia, mengine mazito na mengine membamba. Binti akayaonja, akasema ni matamu kuliko aliyonayo. Tatizo ni kwamba vipande vinene vina unyevu katikati, na kipande kimoja chenye unyevu huharibu pakiti nzima kwa ukungu. Akamweleza: kata unene mmoja, kama milimita 6. Chovya kwenye maji yenye ndimu rangi isibadilike. Usianike juu ya bati penye vumbi na nzi, tumia kaushio la jua lililofunikwa. Yanapokuwa tayari, kipande kinakunjika bila kuvunjika, na ukikiminya hakitoi maji.

Kisha akasema maneno ambayo Dada Maembe aliyaandika: "Niletee kilo tatu za majaribio. Zikiwa sawa, nitachukua kwa Sh28,000 kwa kilo."

Fikiria hilo. Kilo moja ya maembe makavu inataka karibu kilo 10 za maembe mabichi, wakati mwingine zaidi, kwa sababu unatoa ganda, kokwa na maji. Msimu ukiwa juu, kwetu ndoo ya maembe haifiki Sh4,000, na mengine yanaozea chini ya mti. Na kilo moja kavu inaingia kwenye mfuko wa mkononi. Bidhaa nyepesi isiyooza haraka ndiyo yenye nguvu ya kusafiri. Katika watatu wale, aliyekwenda bila kujisifu ndiye aliyerudi na oda.

Hesabu ndani ya treni

Jioni kwenye treni niliweka daftari katikati yetu. Nikamwambia Mama Karanga tuandike Jumamosi moja kamili, kana kwamba ameshakodi meza na amepeleka chupa 40.

Karanga kilo 20 (baada ya kuchambua, kukaanga na kutoa maganda hubaki kilo 16): Sh60,000
Chupa za kioo na vifuniko, 40: Sh48,000
Lebo: Sh12,000
Mkaa na kusaga: Sh15,000
Kodi ya meza: Sh60,000
Nauli ya treni kwenda na kurudi: Sh26,000
Basi, bajaji na kubebesha mzigo: Sh41,000
Chakula: Sh10,000
Jumla: Sh272,000

Akiuza zote 40 kwa Sh9,000, anapata Sh360,000. Kinabaki Sh88,000. Hapo hatujahesabu siku yake ya kusaga wala siku mbili za safari.

"Na nikiuza 25?" akauliza. Binti alikuwa ametuambia siku ya kawaida huuza chupa 20 hadi 25 za aina moja.

Chupa 25 ni Sh225,000. Mfukoni kuna pengo la Sh47,000, na chupa 15 za kurudi nazo au kuziacha kwa ndugu. Ili arudishe gharama tu lazima auze chupa 31, kila Jumamosi, kwa Jumamosi 12, mvua ikinyesha au isinyeshe, mtoto akiumwa au asiumwe. Na juu ya yote hayo kuna mkopo wa kikundi unaosubiri rejesho.

Kisha tukaandika njia ya pili. Binti alisema, karanga zikipimwa na lebo ikikamilika, atanunua kwa jumla Sh6,000 kwa chupa. Chupa 40 ni Sh240,000. Gharama za kutengeneza ni Sh135,000, na kutuma mzigo kwa basi Sh15,000. Kinabaki Sh90,000, na Jumamosi yake yuko nyumbani.

Mama Karanga alizirudia namba zile mara mbili kwa kidole. "Kwa hiyo ile elfu tatu ya juu ni ya meza na barabara," akasema. "Haikuwa yangu tangu mwanzo."

Bwana Nyuki, ambaye hakuwa amesema neno tangu Pugu, akasema, "Basi na ile ya asali sehemu yake ni hivyo hivyo." Nikamwambia ni kweli, sehemu yake. Sisemi kwamba Sh180,000 kwa ndoo ni bei ya haki. Asali iliyoiva na kupimwa inastahili zaidi, na mwenye kipimo mkononi anaweza kudai zaidi. Ila tofauti yote ile haikuwa imelala mezani kumsubiri.

Kilichofuata

Jumatano, Mama Karanga alisimama kwenye kikao cha VICOBA akapunguza ombi lake kutoka Sh1,000,000 hadi Sh250,000. Hizo ni za maturubai, chupa za kuanzia na kufuatilia vipimo. Amekwenda SIDO Morogoro kupata mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, ndiyo njia ya mjasiriamali mdogo kuanza safari ya alama ya ubora ya TBS. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, kwa hiyo mtu asikuzungushe kwa vyeti vya zamani.

Pesa zilizobaki kwenye mfuko wa kikundi hazikulala. Bwana Nyuki naye ni mwanachama, na Mama Karanga ndiye aliyetoa hoja kwamba akopeshwe kulipia ada ya kijana, ili mavuno yajayo asikimbizwe na deni. Wengine waliguna, kwa sababu VICOBA yao hukopesha biashara. Akawaambia, "Hii ni biashara. Tunanunua wiki tatu za nyuki." Hoja ikapita.

Mavuno yaliyofuata alitenga masega yasiyozibwa, akayaacha ya kula nyumbani. Tumekubaliana kikundi cha wafugaji nyuki wanunue rifraktomita moja ya kushirikiana, kwa sababu hata asali nzuri hunyonya unyevu wa hewa ikiachwa wazi.

Dada Maembe alipeleka kilo tatu. Mbili zilikubaliwa, moja ilirudishwa kwa unene usio sawa. Anatengeneza kaushio la pili.

Nisikudanganye: hadi ninapoandika haya, hakuna chupa hata moja ya Mama Karanga iliyofika kwenye meza ile. Vipimo vinachukua muda. Lakini hadaiwi Sh720,000 za meza, na karanga za msimu huu zilianikwa kwenye turubai.

Kabla hujakodi meza, jiulize haya

1. Nikiandika gharama zote za siku moja, lazima niuze vipande vingapi ili nirudishe fedha? Je, wenye meza jirani wanauza idadi hiyo?
2. Kuna mtu mwenye meza tayari anayeweza kuninunulia kwa jumla? Kinachobaki mkononi kinatofautianaje?
3. Ninaweza kutengeneza kitu kile kile mara ya kumi kama mara ya kwanza? Pima kwa mizani, usikisie kwa kikombe.
4. Lebo yangu inasema jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na mahali pa mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namna ya kuhifadhi? Na jina la kijiji au wilaya yako usilionee haya. Tuliona Kilombero ikiuza chokoleti.
5. Nikiulizwa "imepimwa?", nitaonyesha nini?
6. Nikitoa mali kauli, tumeandikiana? Idadi, bei, siku ya kulipwa, na nani anabeba hasara ya kisichouzwa. Urafiki usiwe sababu ya kutoandika.
7. Nina njia gani ya kusubiri ubora ukamilike bila deni kunisukuma?

Na kama unaweza, nenda kwanza uone, mikono mitupu, na rafiki wawili watatu. Mtu mmoja huona bei. Wakiwa wengi, mmoja ataona bei, mwingine ataona chupa, mwingine atasikia mteja anauliza nini, na wakati wa kurudi mtakuwa na mtu wa kubishana naye hesabu.

Makala ijayo, panapo majaliwa, nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza kaushio la jua kwa mbao, wavu na nailoni, kwa vipimo vile anavyotumia Dada Maembe. Andaa futi kamba na msumeno.